Nesi na Wapangaji wa Kwapani

Watu wa Tunduma wa rika langu, ukiwatajia Nesi, kitu cha kwanza wanachofanya ni kubana mikono. Hawajui kama wanabana. Unamkuta mtu mzima, mwenye malori yake na wajukuu wake, amesimama stendi anapiga soga. Taja Nesi tu, viwiko vinarudi mbavuni vyenyewe. Hata msibani kwake niliona. Watu walipita mbele ya jeneza wamebana, wengine wanalia huku wamebana, nikashindwa kujizuia, nikacheka ndani ya khanga mpaka jirani yangu akadhani nimezidiwa na uchungu. Akanishika nisianguke.

Kwao sikupajua vizuri. Alikuwa na kaka yake huko Ileje, upande wa Ikinga, na akikasirika alitukana kwa Kindali, lugha ya kwao, basi. Ninachojua ni kwamba alikuwa amestaafu unesi serikalini, akafungua duka la dawa baridi barabara ya kwenda Mpemba, na mimi nikapanga baraza la jengo hilohilo na cherehani yangu. Yeye ndani, mimi nje, ukuta mmoja. Dirisha lake likiwa wazi nilisikia kila kitu, na kwa kuwa alikuwa na sauti ya wodini, hata likifungwa nilisikia.

Hiyo ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa na kila kitu kinapita kwetu: mitumba, magodoro, redio, mafuta ya kupikia, na madereva. Madereva walikaa foleni ya mpakani wanalala ndani ya malori siku baada ya siku. Na maji ya mji wetu, anayeyajua anayajua. Tulinunua kwa ndoo. Mtu akiambiwa achague kupika au kuoga, alipika. Kwa hiyo Nesi hakukosa wateja, na mimi sikukosa kicheko.

Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, daima ndani ya gauni jeupe la nailoni alilostaafu nalo, saa imebandikwa kifuani, na pua. Pua yenyewe haikuwa kubwa. Lakini aliringa nayo kama mzazi anavyoringa na mtoto aliyesoma. "Macho yanadanganywa, masikio yanadanganywa," alikuwa akisema, akiigonga kwa kidole, "hii haijawahi." Mara moja vijana wa Galula, wachimbaji wadogo, walishuka watatu kwenye pikipiki moja, wamevaa mabuti ya mpira waliyoyavaa tangu shimoni. Hawajafika hata mlangoni, sauti ikatoka ndani: "Karibuni wanangu, lakini mabuti yabaki huko, miguu ije!"

Wakasimama, wakatazamana. Mmoja akauliza, "Nesi, umetuona?"

"Bado sijawaona."

Hao alipigia kelele kwa sababu walikuja kundi, na kundi la vijana halina aibu. Mtu akija peke yake, mambo yalikuwa mengine kabisa, na hapa ndipo inapoingia habari ya kipande.

Kila asubuhi Nesi alichukua mche wa sabuni, akaukata kwa waya, vipande akavifunga kwenye gazeti na kuvipanga chini ya kaunta. Mtu akiingia na harufu yake, alimwacha anunue alichofuata, vidonge vya kichwa au bandeji, asimwonyeshe lolote. Halafu anamwita upande wa ndani penye pazia. Anakishika kile kipande kwa mikono miwili, anapiga goti kama mwanamke anayempelekea mkwe chakula, anasema taratibu: "Pokea, mwanangu. Wapangaji wameongezeka." Kama aliyekuja ni mkubwa kwake, alimwita baba au kaka, lakini goti lilikuwa lilelile. Na mwanamke wa umri ule akishakupigia goti, utakasirika vipi? Unapokea. Unatoka umekumbatia gazeti lako, na barabara nzima inajua umebeba nini.

Nani hakupewa? Mwenyekiti wa mtaa alipewa. Mwalimu wa kwaya alipewa, tena Jumamosi, ili Jumapili anyanyue mikono kwa amani. Mimi nilipewa wiki yangu ya kwanza pale barazani, nikalia, nikaenda kuoga, nikarudi, akanitilia chai. Siku hiyo ndipo nilipomuuliza kama haoni vibaya kumwambia mtu jambo kama lile. Akanijibu kwa maneno ambayo baadaye mji mzima ulikuwa nayo mdomoni: "Anayekupenda atakwambia. Asiyekupenda atafungua dirisha."

Habari ya wapangaji aliieleza mara nyingi sana, lakini sitasahau alivyomweleza dereva mmoja wa kutoka Tanga, mtu wa maneno mengi, aliyekwama mpakani na gari la saruji.

"Mama yangu, nisamehe," dereva alisema, "jasho langu mie linanuka tangu babu. La ukoo hili."

"Jasho halinuki."

"Langu linanuka, Mama, mbona we' mwenyewe umenipa sabuni?"

"Hata lako halinuki. Linatoka likiwa maji, chumvi na mafuta kidogo, halina harufu yoyote. Wanaonuka ni wapangaji. Kwenye ngozi yako kuna bakteria, wadogo huwaoni. Kila mtu anao, hata askofu. Sasa wewe umewapa chumba kizuri: kwapani kuna joto, kuna giza, kuna unyevu, na chakula kinaletwa mlangoni. Wanakula jasho lako. Wakishiba wanajamba. Hicho ndicho unachonusa."

Nikaacha kukanyaga cherehani. Dereva alikuwa amenyanyua mkono, anatazama kwapa lake kwa huzuni.

"Wanajamba kwapani kwangu?"

"Usiku na mchana, na kodi hawalipi."

Nilicheka mpaka mguu ukakanyaga cherehani wenyewe, sindano ikanipita kwenye kidole. Dereva naye akacheka, kisha akaomba dawa ya kuwaua wote wasibaki hata mmoja. Nesi akakataa. Alisema wote huwawezi, na wengine wanakulinda ngozi dhidi ya wabaya zaidi yao. Kazi yetu ni kuwapunguza na kuwanyima chakula. Akamfundisha kona tatu. Hiyo ilikuwa sheria yake ya mji usio na maji: ukiwa na ndoo, oga mwili, ukiwa na kopo tu, osha kona, yaani kwapa, kinena na miguu, kwa sabuni, sugua, suuza, kisha jikaushe kabisa kabla hujavaa. Kukausha alikusisitiza kuliko kuosha. Madereva wakaipeleka sheria hiyo huko walikokwenda. Siku moja mama mmoja mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliingia akipiga makofi taratibu, ile heshima yao, akisalimia kwa Kibemba, "Mwapoleni mukwai, bamayo," akaomba kufundishwa kona tatu, maana mumewe amerudi safari anaoga kwa kopo moja na ananukia vizuri kuliko yeye anayeoga kwa ndoo. Alipofundishwa akashukuru, "natotela, natotela sana," akaondoka anacheka peke yake.

Baada ya sabuni ndipo zilikuja dawa nyingine, kwa hatua. Kunyoa kwapa, kwa sababu nywele zinashika jasho. Shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi, unalilowesha unapitisha kwenye kwapa safi. Kama haitoshi, roloni, na hapo alikuwa na somo refu: iko inayowabana wapangaji tu, na iko inayopunguza jasho lenyewe, na hii ya pili ipakwe wakati wa kulala kwenye kwapa lililokauka, si asubuhi umeshaanza kutoka jasho unakimbilia basi. Na kama umefanya hayo yote kwa uaminifu na bado, nenda kwa daktari. "Kuna dawa za kupaka za kuua bakteria," alisema, "hizo anaandika daktari. Mimi siziuzi kwa kubahatisha."

Manukato peke yake aliyadharau. Kijana akijipulizia pafyumu juu ya jasho la jana, Nesi alimwambia amepiga rangi ukuta wenye mchwa. Na kuna dereva aliyejipulizia dawa ya mbu. Aliingia ametanua mikono kama bata, makwapa yamevimba, mekundu.

"Wamekufa?" Nesi akamuuliza.

"Mbu hawanisogelei kabisa, Nesi. Ila harufu ipo."

Akampeleka hospitali mwenyewe, njia nzima anamgombeza.

Na asije mtu akasema Nesi hakukosea. Ndimu alikosea. Kuna wakati aliipenda sana, akamwagiza kila mtu apake, mpaka alipompa kijana mmoja wa stendi ambaye alikuwa amenyoa asubuhi ileile. Yule kijana alipaka palepale nyuma ya pazia. Alitoka mbio, shati mkononi, mikono imenyooka huku na huku, akapita baraza langu, akapita wauza mahindi, akakata kona, na sauti yake tukaisikia bado baada ya yeye kutoonekana. Nesi akakaa kwenye kiti, akajifuta jasho. Jioni alisimama mlangoni akatangaza kwa sauti ya wodini: "Ndimu nimeifuta! Aliyenayo apikie!" Kila mtu mtaani akapikia samaki.

Samaki! Maana huyu mwanamke aliyewahubiria watu harufu, yeye mwenyewe chakula chake cha mchana kilikuwa migebuka mikavu na kitunguu kibichi, anakitafuna kama tufaha, kisha anaegemea dirishani kuongea nami. Nilikuwa nageuza uso kama napima uzi. Siku niliyomsema alinijibu bila haya kwamba ya kitunguu ni mgeni, inalala inaondoka, wapangaji ndio hawaondoki. Kisha, kwa kuwa tulishafika mdomoni, akanifundisha kupiga mswaki mpaka kwenye ulimi, huko nyuma wanakojificha.

Na mimi alinitawala kazini. Mimi nilipenda kukata kwapa la gauni kwa kubana, ndiyo ilikuwa fasheni. Yeye alikuwa anachungulia dirishani wakati napima mteja: "Fundi, mwachie huyo nafasi, hewa ipite!" Mashati ya mitumba aliyaogopa. Alisema Mzungu amevaa miaka mingi, ameuza shati na wapangaji wake ndani, wamepanda meli, wamefika Tunduma, wanapewa jasho jipya. Hivyo shati la mtumba, hasa la nailoni, ligeuzwe ndani nje, lilowekwe kwenye maji ya moto na sabuni, likaangikwe juani, lipigwe pasi. Mpaka leo silishoni shati la mtumba kabla sijaona limechemshwa, na watoto wangu wananicheka.

Haji, msafirishaji mmoja mwenye ofisi upande wa pili wa barabara, alipewa kipande akakataa. Ndiye mtu pekee ninayemkumbuka aliyekataa. Akasimama na kanzu yake safi, akasema kwa heshima lakini kwa ukali, "Mama, mimi miguu yangu naosha mara tano kwa siku. Wewe unaosha mara ngapi?"

"Najua unaosha, Haji. Ukishatia udhu unafanyaje?"

"Nasali."

"Na ukishasali?"

"Navaa soksi, navaa viatu, narudi kwenye malori yangu."

"Miguu imekauka?"

Haji akatazama miguu yake. Soksi zake zilikuwa za nailoni na viatu vya ngozi vya kufunika. Nesi akamwambia, "Wapangaji unawaosha vizuri sana, halafu unawafunika blanketi wakiwa na uji wao." Akaingia ndani akaleta taulo dogo, akaliweka juu ya kile kipande, akapiga goti tena. Haji akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Tangu hapo alitembea na taulo lake mfukoni, akanunua viatu vya pili ili vya kwanza vipumzike juani, na kila Ramadhani Nesi aliletewa tende, yeye Mkristo wa benchi la mbele kabisa kanisani.

Lakini nisikuache ukidhani alinusa kila mtu na kumpa sabuni. Siku moja iliingia familia ya wafugaji kutoka bondeni Momba, baba na mama na mtoto mgonjwa, wananuka moshi, maziwa na ng'ombe. Wateja wawili wakaziba pua. Nesi aliwahudumia wale wafugaji taratibu, hakumwita mtu nyuma ya pazia. Walipotoka akawageukia wale wawili. "Ile ni harufu ya kazi. Mmeziba pua, sasa nyumbani mkazibe na mdomo, msinywe maziwa." Siku nyingine alimnusa mzee mmoja pumzi yake, ina utamu wa ajabu kama matunda yaliyooza, akamuuliza kama anakojoa sana na ana kiu, na papo hapo akafunga duka akampakia kwenye pikipiki kwenda hospitali. "Hii siyo ya sabuni, ni sukari," alinipigia kelele akiwa tayari amekaa nyuma. Na wasichana waliokuja kuuliza dawa ya kuosha sehemu za siri kwa ndani aliwafukuza bila kuwauzia chochote: huko kunajiosha kwenyewe, ukitia sabuni unaharibu, harufu ikibadilika, ni ya kupimwa.

Na mtu akimcheka mwenzake kwa harufu mbele ya Nesi, ole wake. Alimpenda anayenuka kuliko anayecheka. Mimi alinisamehe kwa kuwa nilikuwa nacheka wote.

Kisha mji ukakua. Yakaja maduka ya dawa yenye vioo na mataa, vijana wakawa na pafyumu za kila nchi, mimi nikavaa miwani, Nesi akapata mvi. Bega lake la kulia likaanza kuganda. Akawa anachana nywele kwa mkono wa kushoto na kusema ni baridi tu. Alikuwa anaishi peke yake, hakumwambia mtu.

Pua nayo iliondoka, na mimi nilikuwa wa kwanza kujua. Nilikuwa nabishana na mteja, nikasahau pasi ya mkaa juu ya suruali ya tetroni. Moshi ukajaa barazani, watu wakakohoa hadi ng'ambo kwa Haji. Nesi alikuwa ameegemea dirisha hapohapo, ananisimulia habari za harusi, na aliendelea kusimulia. Nikamtazama. Moshi unampita usoni, anaulizia kama nilipenda keki.

Na baada ya muda ndipo ikaja harufu. Sitaipamba: ilikuwa kali. Nailoni ileile ya miaka yote, kwapa la kulia lisilofikiwa na mkono, na pua isiyomwonya mwenyewe. Wateja wakaanza kununua wakiwa mlangoni, wananyoosha mkono kwa mbali. Wengine wakahamia kwenye maduka ya vioo. Lakini kilichoniumiza ni kanisani. Ilikuwa msimu wa ule upepo wetu wa baridi, watu wamevaa masweta mawili mawili, na madirisha yote ya upande aliokaa Nesi yalikuwa wazi. Ya upande mwingine yamefungwa. Yeye amejikunyata na khanga, meno yanagongana, analalamika kwa nini wazee wa kanisa hawafungi. Mwalimu wa kwaya akatazama juu. Nikatamani ardhi inimeze.

Wiki hiyo Nesi alinipa kitenge. "Nishonee gauni la kuagia, Fundi. Nafunga duka, naenda kwa kaka Ikinga."

"Kwa nini, Mama?"

"Wamenichoka. Naona. Zamani walikuwa wanakaa hapa kwenye kaunta mpaka nawafukuza. Sasa hata salamu wananipa kwa mbali. Nimesema sana katika mji huu, mwanangu, labda nimezidisha." Hakulia, lakini alikunja kile kitenge na kukikunjua tena, na tena.

Jioni yake walikutana barazani kwangu bila kuitana: Haji, mwalimu wa kwaya na mwenyekiti wa mtaa. Kila mmoja alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti, na kila mmoja alikificha nyuma alipowaona wenzake. Nikaelewa wote wanataka abaki, na wote wanaogopa.

"Haji, wewe ndiye mkubwa," alisema mwenyekiti.

"Mimi mwanamume wa kando nikaongee kwapa la mwanamke wa watu? Haifai hata kidogo. Mwenyekiti, wewe ndiye serikali."

"Naweza kutoa tangazo la usafi kwa mtaa mzima, atajijua humohumo."

"Mimi ningetunga wimbo," mwalimu wa kwaya alisema. Tukamtazama. "Wa kuficha ficha," akaongeza.

Walibishana mpaka giza likaanza. Kisha Haji akaniangalia, wote wakaniangalia. "Fundi, wewe unawaambia watu wanyanyue mikono, ndiyo kazi yako." Wakaweka vipande vyao juu ya meza ya cherehani yangu, kimoja kimoja, wakaondoka kwa haraka ya watu wanaokimbia deni.

Nesi alikuja kupimwa asubuhi. Nilimpima mabega, kifua, kiuno, nilipima na visivyo vya gauni. Mwisho hapakubaki kitu.

"Nyanyua mikono, Mama."

Wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukafika kiunoni ukagoma. Nikaweka futi chini. Nikachukua kipande kimoja kwenye meza, nikakishika kwa mikono miwili, nikapiga goti.

"Pokea, Mama," nilisema. "Wapangaji wameongezeka."

Alitazama gazeti. Akalifungua, akaleta sabuni puani akavuta pumzi kwa nguvu. Akavuta tena. Nikaona uso wake unaelewa.

"Sinusi kitu," alisema.

"Najua, Mama. Tangu ile pasi."

"Kwa hiyo kanisani. Yale madirisha."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe? Wewe ulifungua?"

"Mimi sina dirisha, Mama. Nakaa nje."

Akauliza kwa sauti ndogo, si ile ya wodini, "Basi hawajanichoka?"

"Hawajakuchoka," nilisema. "Wanashindwa kupumua."

Akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni karibu yangu, akashika bega lake kwa maumivu na bado anacheka, machozi yanamtoka, na mimi nikamshika nikalia na kucheka pamoja naye, tumekumbatiana kwenye vipande vya kitambaa. Alipopata pumzi alinishika shavu. "Kumbe yupo wa kuniambia," alisema. Kisha akakisogeza kile kipande kwenye mwanga na kukunja uso. "Sabuni gani hii? Hii mmenunua ya kufulia magunia."

Nilimsaidia kuoga nyuma ya pazia lake. Alinielekeza kama mwanafunzi wa wodini: usinipapase, sugua, suuza, sasa kausha, nimesema kausha! Gauni jeupe la nailoni tulilistaafisha siku hiyohiyo. Bega tukalipeleka hospitali, akapewa mazoezi. Kuhusu pua daktari alisema ni umri, haitarudi. Na kile kitenge akaniambia nikikate gauni la kufanyia kazi, kwapa liwe pana.

Kesho yake asubuhi alifungua duka. Habari zilikuwa zimeshafika, sijui kwa mdomo wa nani, na wale watatu walikuja pamoja kutoa pole, Haji mbele, wamejaa aibu. Nesi alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na gauni jipya lililotoka sindanoni alfajiri. Hakuwajibu salamu. Aliwaangalia mmoja mmoja.

"Waoga wakubwa," alisema. "Mikono juu!"

Wakanyanyua. Haji na kanzu yake, mwenyekiti na koti lake, mwalimu wa kwaya na daftari la nyimbo mkononi, wote mikono juu mlangoni, na watu barabarani wanasimama kutazama. Nesi akawazunguka polepole, pua mbele, anavuta pumzi kwa kila mmoja kama zamani. Kisha akageukia dirisha la upande wangu.

"Fundi!" ikaita ile sauti ya wodini. "Njoo uninusie!"

Nikaacha cherehani, nikaenda kunusa.